Plafoni Kwanza: Namna ya Kuchagua Kinga ya Joto na Baridi kwa Nyumba

Katika namba hii tunataka kuongea juu ya jambo ambalo kila mmoja wetu analijua kwa mwili wake, lakini wachache wamelifikiri kwa akili. Ni joto la saa saba mchana chini ya manjanja, na baridi ya saa kumi usiku chini ya manjanja yale yale.

Hapa Bunia mtu akianza kazi na kupata franga kidogo, jambo la kwanza analotaka ni kutoa majani juu ya nyumba na kupigilia manjanja. Hatumlaumu hata kidogo. Majani yanaoza, yanashika moto upesi, yanataka kubadilishwa kila baada ya miaka michache, na karibu na mji kuyapata ni shida. Manjanja yanadumu, tena yanatupa maji ya mvua. Lakini kiisha kuhamia ndani, watu wa nyumba wanaanza kulalamika: "Nyumba iko muzuri, lakini muchana haikaliki." Usiku mtoto mchanga anakohoa kwa baridi. Na mvua ikinyesha, mwalimu anafunga kitabu, sababu hakuna anayesikia neno.

Basi, swali letu ni hili: mtu mwenye franga kidogo aanze wapi ili nyumba yake ikalike? Aongeze unene wa ukuta? Aweke plafoni? Anunue rangi? Jibu letu liko katika kichwa cha habari, lakini jibu bila sababu halimsaidii mwanafunzi. Tufuate sababu polepole.

A. JOTO LINAPITA NJIA GANI?

Katika somo la fizikia tunafundishwa kwamba joto linasafiri kwa njia tatu. Tuzitazame jikoni.

Njia ya kwanza ni kupita ndani ya kitu chenyewe. Acha kijiko cha chuma ndani ya sufuria ya uji, kiisha ukishike: kinaunguza. Kijiko cha mti hakiunguzi. Chuma kinapitisha joto upesi, mti unalipitisha pole sana.

Njia ya pili ni kuchukuliwa na hewa au maji yanayotembea. Hewa ya moto inapanda juu, ya baridi inashuka. Ndiyo maana moshi unakwenda juu ya dari.

Njia ya tatu ni mionzi. Ukikaa mbele ya moto, uso wako unaona joto hata kama upepo unavuma toka nyuma yako. Joto lile halikuchukuliwa na hewa, limeruka moja kwa moja toka kwenye moto mpaka kwenye ngozi. Jua pia linatufikia hivyo.

Manjanja yanatutesa kwa njia hii ya tatu zaidi. Yakipigwa na jua la saa sita yanaweza kufikia digri 60 na kupita, na yale yenye kutu yanazidi, kwa kuwa rangi nyeusi au nyekundu inakunywa jua. Kiisha yanakuwa kama sahani kubwa ya moto iliyoning'inizwa juu ya vichwa vyetu. Hata dirisha likiwa wazi, kichwa kinauma, sababu mionzi haingoji upepo.

Usiku mambo yanageuka. Mbingu ikiwa wazi bila mawingu, manjanja yanatupa joto lao juu mpaka yanakuwa baridi kuliko hewa yenyewe. Unyevu wa pumzi za watu unapanda, unagusa chuma baridi, unageuka maji. Ndiyo yale matone yanayoanguka juu ya blanketi asubuhi, na watu wanasema manjanja yanavuja. Mara nyingi hayavuji. Ni pumzi yetu wenyewe inayoturudia.

B. HESABU NDOGO

Wenye elimu wamepima kila kitu cha kujengea na kukipa hesabu yake. Hesabu hiyo inaonyesha ni wati ngapi za joto zinapita ndani ya kitu chenye unene wa metre moja na upana wa metre moja ya mraba, kama upande mmoja unazidi mwingine kwa digri moja. Hesabu ikiwa kubwa, kitu kinapitisha joto upesi. Ikiwa ndogo, kinazuia. Hizi ni hesabu za karibu:

Chuma .................... 50
Saruji yenye mawe ........ kati ya 1 na 2
Tofali la kuchoma ........ 0,7
Potopoto kavu ............ 0,7
Maji ..................... 0,6
Mbao ..................... 0,15
Majani makavu ya paa ..... 0,07
Sufu ya kioo ............. 0,04
Frigoliti ................ 0,035
Hewa iliyotulia .......... 0,025

Tazameni mstari wa mwisho. Hewa iliyotulia inashinda vyote. Majani, sufu, manyoya ya kuku na frigoliti havina uchawi wowote. Vinazuia joto sababu vimeifunga hewa katika vyumba vidogo vidogo ili isitembee. Blanketi pia iko hivyo: haituletei joto, inazuia letu lisitoroke.

Sasa tazameni maji. Maji yanapitisha joto mara 24 kuliko hewa. Maana yake, majani au sufu yakilowa, hewa inatoka, maji yanaingia fasi yake, na kinga yote imekufa. Kila mtu aliyevaa koti iliyolowa anajua neno hili. Kwa hiyo sheria yetu ya kwanza ni: kinga lazima iwe kavu. Anayeweka kinga nzuri chini ya manjanja yenye matundu amepoteza franga yake.

Ukitaka kujua nguvu ya kinga, gawanya unene wake, kwa metre, kwa hesabu ile. Tufanye pamoja:

Majani, sentimetre 15: 0,15 kwa 0,07 ni karibu 2,1.
Ukuta wa potopoto, sentimetre 15: 0,15 kwa 0,7 ni karibu 0,21.
Tripleksi, milimetre 4: 0,004 kwa 0,15 ni karibu 0,027.
Manjanja, milimetre 0,4: 0,0004 kwa 50 ni 0,000008, ndiyo kusema si kitu.

Paa la majani la babu zetu linazuia joto mara kumi kuliko ukuta wa potopoto wenye unene ule ule. Kama ungetaka tofali zifanye kazi ya majani yale ya sentimetre 15, ungejenga ukuta wa unene wa metre moja na nusu. Kwa hiyo tunaposema kwamba nyumba ya majani ni ya kizamani, tujue kwamba kwa upande wa joto ilikuwa na elimu ndani yake. Tulipotoa majani tulitoa 2,1, tukaweka sifuri. Kazi ya plafoni ni kurudisha sehemu ya kile tulichotupa.

C. KWA NINI JUU KWANZA, NA SI KANDO?

Bunia iko karibu kabisa na mstari wa ekweta, kidogo upande wa kaskazini. Mwaka mzima jua la saa sita linapita karibu na utosi wa kichwa. Paa linalipokea sawasawa kama uso wa mtu aliyelala chali. Kuta zinalipokea kwa kando tu, asubuhi upande wa mashariki na jioni upande wa magharibi, tena upenu mrefu unaweza kuzitia kivuli.

Wakati mbingu iko wazi, jua la saa sita linaleta karibu wati 1.000 kwa kila metre ya mraba. Chumba cha metre 4 kwa 4 kina metre 16 za mraba juu yake. Wati 16.000! Hiyo ni sawa na pasi za umeme 16 za wati 1.000 kila moja, zote zimewashwa juu ya dari moja. Joto lile lote haliingii ndani, sehemu inarudishwa na sehemu inachukuliwa na upepo. Lakini mfano unatosha kuonyesha adui anatoka wapi. Usiku pia joto letu linapanda na kutorokea huko huko juu.

Ndiyo maana tunasema: mwenye franga kidogo asianze na kuta. Aanze juu.

D. PLAFONI ZA KWETU

Wengine watauliza: kama tripleksi ina nguvu ya 0,027 tu, inasaidia nini? Swali zuri. Plafoni inasaidia kwa kazi tatu, na unene wake si mojawapo. Kwanza, inakata mionzi ya manjanja, kama mtu anayesimama kati yako na moto. Pili, inafunga tabaka ya hewa kati yake na manjanja. Tatu, inapunguza kelele ya mvua. Lakini ili kazi ya pili iende vizuri mchana, acha matundu ya hewa katika kuta mbili za pembe tatu, huku na huku chini ya manjanja, ili hewa ya moto itoke kwa upande mmoja na ya baridi iingie kwa mwingine. Nyumba nyingi za zamani za misioni na za Wabelgiji zilijengwa hivyo, na matundu yale tunayaona bado. Yafunikwe na waya ya matundu madogo, la sivyo popo watafanya kanisa lao humo.

Sasa tutaje plafoni ambazo mtu anaweza kuzipata hapa.

1. Kitambaa, mifuko iliyoshonwa, au bashi. Ni rahisi sana. Inakata mionzi kidogo, lakini inashika vumbi, inalegea, na ya plastiki inaungua vibaya na kudondosha moto. Ni afadhali kuliko kukosa, lakini tusiite kazi iliyokwisha.

2. Mikeka ya matete au ya mafunjo. Hii tunaipenda. Ndani ya kila tete kuna hewa iliyofungwa. Mikeka miwili, mmoja juu ya mwingine, ina nguvu kuliko tripleksi, na fundi wa kuisuka ni jirani yetu. Ubaya wake ni moto na wadudu. Dawa yake ni kuipaka upande wa chini potopoto laini iliyochanganywa na majani yaliyokatwa madogo, kiisha chokaa juu yake. Chokaa nyeupe pia inaongeza nuru katika darasa.

3. Tripleksi. Ni safi, inapendeza macho, inapigiliwa upesi. Lakini bei yake ni kali, na ikilowa inajikunja kama chapati. Usiipigilie kabla ya kutengeneza matundu ya manjanja.

4. Mbao. Zinadumu, zinazuia joto vizuri kuliko tripleksi sababu ni nene. Zichaguliwe kavu. Mbao mbichi ya mkaliptusi ikikauka juu ya dari inajipinda na kuacha nyufa.

Na yule asiyeweza hata moja ya hizi, apake manjanja yake rangi nyeupe. Rangi nyeupe inarudisha sehemu kubwa ya jua kabla halijawa joto. Neno moja tu la kuangalia: kama mnakunywa maji ya mvua yanayotoka juu ya paa lile, hakikisheni rangi haina madini ya risasi ndani, sababu risasi inaharibu akili ya watoto.

E. JE, TUJAZE KITU JUU YA PLAFONI?

Mahesabu yetu yanaweza kumshawishi mwanafunzi mwenye bidii: "Kama majani yanazuia joto, basi nijaze majani, au maganda ya mpunga, au maranda ya fundi mbao, juu ya plafoni." Kwa fizikia anasema kweli. Lakini nyumba si fizikia peke yake. Hapa Ituri kuko neno lingine, nalo ni panya.

Ugonjwa wa tauni, ambao wengi wanafikiri ni habari ya vitabu vya zamani, unajulikana katika Ituri tangu miaka ya 1920, na haujatoka. Mwaka 2020 ulitokea tena katika zone ya afya ya Rethy. Tauni inakaa kwa panya. Kiroboto anamwuma panya mgonjwa, panya akifa kiroboto anatafuta damu nyingine, na damu iliyo karibu ni ya mtu aliyelala chini. Maganda yenye chembe za mpunga, mabua ya mahindi, na hasa mahindi yenyewe yaliyowekwa akiba juu ya dari, ni kuwaita panya kwa jina lao.

Kwa hiyo shauri letu ni hili. Usiweke chakula juu ya plafoni, hata siku moja. Usijaze kitu chenye chembe za kuliwa. Ukitaka kujaza, chagua kitu kisicholiwa, kama maranda makavu yaliyochanganywa na chokaa kidogo, kiwe tabaka ya sentimetre 5 mpaka 10, kisikae karibu na waya za umeme wala bomba la moshi. Kumbuka uzito pia: miti ya plafoni lazima iweze kubeba. Na ukiona panya wamekufa nyumbani bila sababu, usiwaguse kwa mkono, pelekeni habari upesi kwenye kituo cha afya. Tauni ikipata dawa mapema inapona. Ikichelewa inaua.

F. KUTA

Tumesema kuta zingoje, lakini hatukusema tuzidharau. Ukuta wa potopoto au wa tofali unafanya kazi nyingine tofauti na ya majani. Hauzuii joto sana, lakini unaliweka akiba. Mchana unakunywa joto polepole, na usiku unalirudisha polepole. Kwa mji kama Bunia, ulio juu ya metre 1.200 toka usawa wa bahari, wenye mchana wa joto na usiku wa baridi, kazi hiyo ni ya thamani. Ukuta mnene wa tofali mbichi unafanya vizuri kama ule wa tofali za kuchoma, na hauli kuni. Tofali za kuchoma zinashinda kwa mvua tu.

Basi, kwa ukuta, tunashauri mambo manne. Upenu utoke nje sentimetre 60 au zaidi, ili mvua na jua visiufikie. Msingi uinuliwe kwa mawe ili unyevu wa udongo usipande, maana ukuta uliolowa unapitisha joto zaidi na kubomoka. Nyufa zizibwe, hasa upande wa upepo wa mvua. Na upande wa magharibi upandwe mti wa kivuli, kama ovaka au muembe, lakini si karibu sana na msingi. Mti ule utatupa kinga na matunda pamoja.

G. MAMBO MANNE YA KUOGOPA

Katika Kumbukumbu la Torati 22:8, sheria ya Musa ilimwagiza mjenzi wa nyumba mpya aweke ukingo juu ya dari yake, mtu asianguke na damu yake ikawa juu ya nyumba ile. Maana yake mwenye nyumba ana deni kwa uzima wa wote wanaoingia. Sisi hatutembei juu ya dari, lakini tuna ukingo wetu wa kuweka.

Ya kwanza ni amianti. Mwaka 1901 Ludwig Hatschek wa Austria aligundua namna ya kuchanganya saruji na nyuzi za amianti, akaita mabamba yake Eternit. Mabamba ya namna hiyo yalienea dunia nzima, na majumba mengi ya wakati wa ukoloni yalipata paa au plafoni ya amianti. Ni kweli yanazuia moto. Lakini mwaka 1960 madaktari wa Afrika ya Kusini waliandika juu ya kansa ya ngozi ya mapafu kwa watu wa fasi za machimbo ya amianti, na leo Shirika la Afya Duniani linafundisha kwamba aina zote za amianti zinaleta kansa. Ubelgiji wenyewe waliikataza mwaka 1998. Mabamba mapya ya saruji katika nchi nyingi hayana amianti tena, lakini ya zamani yanaweza kuwa nayo. Ukikuta mabamba mazee ya saruji, usiyakate kwa msumeno, usiyavunje, usiyapige brashi, usiyanunue kwa sababu ni rahisi. Yakiwa mazima, yaacheni yatulie. Hatari iko katika vumbi lake.

Ya pili ni frigoliti iliyo wazi. Ni ile nyeupe nyepesi inayofunga vyombo vya umeme ndani ya kartoni. Kwa hesabu ni nzuri sana, lakini inashika moto upesi na moshi wake mweusi unaua kabla ya moto wenyewe. Isitumike bila kufunikwa na kitu kisichoungua, na katika chumba cha kulala cha wanafunzi isitumike kabisa.

Ya tatu ni waya za umeme. Waya iliyofunikwa na kinga haiwezi kupoa. Waya nyembamba yenye mzigo mkubwa, ikizikwa katika maranda, inaunguza nyumba wakati watu wanalala.

Ya nne, na tunaomba muisome mara mbili, ni mbabula. Mtu akikwisha kuziba nyufa zote anafurahi, kiisha usiku wa baridi anaingiza mbabula ya makaa chumbani na kufunga mlango. Makaa yanayowaka katika hewa chache yanatoa monoksidi ya kaboni, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Inaingia katika damu na kuchukua fasi ya hewa njema. Watu wanalala na hawaamki. Kwa hiyo mbabula ikae nje sikuzote, na kila chumba cha kulala kibaki na tundu la hewa, hata wakati wa baridi. Tundu lenye waya ndogo linazuia mbu pia.

H. KILA FASI NA DAWA YAKE

Kinga ya Bunia si lazima iwe ya Ituri nzima. Wenzetu wa Kasenyi, kando ya Ziwa Albert, wako chini kwenye metre 620 hivi. Kwao joto halitoki hata usiku. Ukuta mnene unaoweka joto akiba utawasumbua saa ya kulala. Wao wanataka paa lenye kinga, madirisha makubwa yanayotazamana, na upepo wa ziwa upite ndani.

Wenzetu wa Rethy na milima ya Djugu wako kwenye metre karibu 2.000. Kwao adui ni baridi. Wanataka plafoni nene isiyo na nyufa, chumba kisichokuwa cha juu sana, ukuta mnene, na madirisha yanayofunga vizuri.

Tusisahau pia ndugu zetu waliokimbia nyumba zao, hasa tangu mwisho wa mwaka 2017, na kulala chini ya bashi. Bashi moja ni mbaya kuliko manjanja: mchana tanuru, usiku barafu. Lakini bashi mbili au bashi na mkeka, zikiachana kwa sentimetre 10 na hewa kupita kati yao, zinapunguza joto la mchana. Na usiku, mtu aliyelala juu ya udongo anapoteza joto lake kwenda chini kuliko juu. Majani makavu yaliyofungwa vizuri chini ya mkeka yanamsaidia kuliko blanketi ya pili. Tukitaka kusaidia, tujue hilo: mkeka na majani makavu pia ni zawadi.

I. UTARATIBU WA FRANGA

Tunafunga maneno kwa utaratibu ambao mtu anaweza kuubandika ukutani:

1. Ziba matundu ya manjanja. Bila hilo mengine yote ni bure.
2. Weka matundu ya hewa huku na huku chini ya paa, na waya ndogo.
3. Weka plafoni, hata ya mikeka, kwanza katika chumba cha watoto na wagonjwa.
4. Paka manjanja rangi nyeupe kama una uwezo.
5. Ongeza upenu, panda mti upande wa magharibi.
6. Mwisho kabisa, fikiri juu ya kuta.

Bwana Yesu, katika Luka 14, alisema juu ya mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba ataketi kwanza na kuhesabu gharama. Sisi mara nyingi tunahesabu gharama ya manjanja tu, na tunasahau ya plafoni. Tangu siku ya kwanza, anayeandika hesabu ya nyumba aandike plafoni katika mstari mmoja na misumari. Kama franga haitoshi kwa zote mbili, ajenge chumba kimoja pungufu, lakini vile vilivyobaki vikalike.

Na wale wasiotuamini, wajaribu wenyewe. Chukueni chupa tatu sawasawa, mjaze maji ya moto ya kipimo kimoja. Ya kwanza muiache wazi, ya pili muifunge na majani makavu ya unene wa vidole vinne, ya tatu muifunge na majani yale yale lakini yaliyolowa. Kila dakika kumi mpime kwa termometa ya laboratwari, kwa muda wa saa moja. Chora mistari mitatu katika daftari la fizikia. Leteni michoro yenu kwetu, na iliyo safi tutaiandika katika namba inayofuata, pamoja na jina la darasa.

Tunawatakia masomo mema, na usiku usio na baridi.